Shahada ya Upimaji wa Elimu: Nani Alipe, Nani Afaidi?

Hoja inayojadiliwa: Mwalimu wa Tabora mwenye shahada ya kwanza ya ualimu afanye bidii kupata shahada ya uzamili ya upimaji na tathmini ya elimu. Wanaojibizana ni wakazi wanne wa Chemchem mjini Tabora: Mhadhiri, Mzazi, Mwalimu wa Taaluma na Mhitimu.

MHADHIRI: Upimaji wa elimu ni taaluma inayotafuta jibu la swali moja: alama aliyopewa mwanafunzi inathibitisha nini kuhusu anachokijua? Kila anayesomea ualimu chuo kikuu hukutana na somo la upimaji na tathmini. Humo hujifunza kuandaa jedwali la utahini, kutunga maswali ya kuchagua na ya kujieleza, kuandika mwongozo wa usahihishaji na kukokotoa wastani. Muhula ukiisha, somo limeisha. Uzamili huanzia hapo: uhalali wa mtihani, uthabiti wa alama, uchambuzi wa swali mojamoja, kulinganisha mtihani wa mwaka huu na wa mwaka jana, na takwimu zinazobeba kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya uzamili ya fani hii, Chuo Kikuu cha Cape Coast cha Ghana nacho pia, na Oxford huifundisha kwa miaka 2 kwa watu ambao wengi wao wako kazini. Hapa nchini wengi huifikia kwa kusoma uzamili wa elimu na kuandika tasnifu juu ya mitihani.

MZAZI: Maelezo yamekaa vizuri, Daktari, ila hayajagusa mfuko. Mwanzoni mwa 2025 Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilikuwa na nafasi 14,648 za ualimu, na walioomba walikuwa 201,707. Kila nafasi iligombewa na watu karibu 14. Mitaa ya Tabora haina uhaba wa vijana wenye shahada ya ualimu wanaoishi kwa tuisheni, bodaboda na vibarua vya msimu wa tumbaku. Kijana ambaye shahada ya kwanza haijamlipa anashauriwaje kukopa ili apate ya pili?

MHITIMU: Hesabu hiyo ina upande wa pili, Mama. Hao laki mbili walitakiwa kupita kwenye usaili, na usaili huo ni mtihani. Yupo aliyepaswa kutunga maswali, kuamua alama ya kufaulu, na kuhakikisha kwamba mwombaji wa Fizikia wa Tabora hapimwi kwa mzigo mzito kuliko wa Mtwara. Mitihani ya nchi hii inaongezeka mwaka hadi mwaka, na wanaojua sayansi yake hawaongezeki kwa kasi hiyo.

MZAZI: Kuongezeka kwa kazi si kuongezeka kwa ajira, mwanangu. Hayo ni mambo mawili.

MWALIMU WA TAALUMA: Kazi ipo, na ipo shuleni, ila haina cheo wala posho. Mwalimu wa taaluma ndiye anayepanga mitihani ya mwezi na ya muhula, mtihani wa utimilifu na ule wa ujirani mwema unaochangiwa na shule kadhaa. Ndiye anayekusanya alama za upimaji endelevu ambazo Baraza la Mitihani la Tanzania limekuwa likizihesabu tangu 1976, baada ya Azimio la Musoma la 1974 kutaka mwanafunzi asihukumiwe kwa mtihani mmoja wa mwisho. Anafanya yote hayo huku vipindi vyake vya kufundisha viko palepale. Na anayafanya kwa mazoea: maswali ya miaka iliyopita yanachukuliwa, yanachanganywa, yanachapwa.

MHADHIRI: Mazoea hayo yana gharama inayoonekana kwa kalamu na karatasi tu. Chukua mtihani wa ujirani mwema wenye watahiniwa 100. Wapange kwa alama, kisha chukua 27 wa juu na 27 wa chini. Swali la 6 limepatiwa na 20 wa kundi la juu na 6 wa kundi la chini. Tofauti ni 14. Ikigawanywa kwa 27 inatoa 0.52. Swali hilo linatenganisha vizuri wanaojua na wasiojua. Sasa tazama swali la 11: wa juu waliopata ni 9, wa chini ni 15. Jibu ni hasi 0.22. Wanafunzi bora wanalikosa, dhaifu wanalipata. Ama jibu lililowekwa kwenye mwongozo si sahihi, ama swali lina maneno yanayompoteza hasa yule anayefikiri sana. Walimu wa shule kadhaa wamesahihisha swali hilo, wamejumlisha alama zake, wamepanga nafasi darasani, na pengine mzazi mmoja amemchapa mtoto wake kwa sababu yake. Hakuna aliyejua.

MWALIMU WA TAALUMA: Hesabu hiyo mwalimu anaweza kufundishwa kwa siku moja pale Kituo cha Walimu. Haihitaji miaka 2 ya uzamili wala tasnifu.

MHADHIRI: Ya swali moja, ndiyo. Ya taifa, hapana. Februari 2013 yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya 2012, watahiniwa zaidi ya 240,000, zaidi ya 6 katika kila 10, walikuwa wamepata divisheni sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume. Mei mwaka huohuo serikali ikafuta matokeo na kuagiza yaandaliwe upya, kwa kuwa safari hiyo vilikuwa vimetumika viwango vya alama visivyobadilika, bila kusawazisha alama ghafi kama ilivyofanyika miaka ya nyuma. Matokeo mapya yalipotoka, ufaulu wa watahiniwa wa shule ulipanda kutoka asilimia 34 hadi 43 hivi. Karatasi zilikuwa zilezile, majibu yalikuwa yaleyale, waliosahihisha walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kanuni ya kugeuza alama kuwa daraja, na kanuni hiyo iliwahamisha maelfu ya vijana kutoka upande mmoja wa maisha kwenda mwingine. Baadaye ukaja mfumo wa wastani wa pointi, ukaondolewa 2016 na divisheni zikarudi. Katika miaka isiyozidi 4, mwajiri aliyesoma vyeti viwili vya kidato cha nne hakuwa na hakika kwamba C ya mmoja ni C ya mwingine. Zamani, pembe za ndovu zilizopita hapa Unyanyembe kwenda Bagamoyo ziliuzwa kwa frasila, uzito wa karibu kilo 16; biashara ile isingesimama kama frasila ya Unyanyembe ingekuwa tofauti na ya Unguja.

MZAZI: Mfano huo unaipinga hoja ya Daktari mwenyewe. Baraza la Mitihani halikukosa msomi mwaka ule. Katibu Mtendaji wake wa wakati huo, Dk. Joyce Ndalichako, ana uzamivu wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada katika saikolojia ya elimu, upande wa upimaji. Elimu ya kiwango hicho ilikuwepo mezani, na tufani ikaja. Basi shahada haikingi.

MHADHIRI: Tufani haikuletwa na kutokujua takwimu. Njia zote mbili, ya viwango visivyobadilika na ya kusawazisha, zinatumika duniani na kila moja ina watetezi wake. Ya kwanza inasema wazi kwamba anayepata 30 amejua karibu theluthi. Ya pili inatambua kwamba mtihani wa mwaka mmoja huweza kuwa mgumu kuliko wa mwaka mwingine, na mtoto asiadhibiwe kwa hilo. Kilichokosekana ni watu wa kati: maofisa elimu wa mikoa na wilaya, wakuu wa shule, wabunge, wahariri wa magazeti, watu wa kuieleza nchi mapema nini kinabadilika na kwa nini. Mtaalamu mmoja juu hawezi kuziba pengo la wataalamu mia chini yake. Na kwa upande wa ajira, mfano huohuo unajibu: msomi huyo aliteuliwa Waziri wa Elimu mwishoni mwa 2015 na kushika wizara hiyo hadi 2022.

MZAZI: Mmoja.

MHITIMU: Mmoja aliyefika kileleni. Ngazi za chini ni nyingi. Baraza la Mitihani lenyewe huajiri Maofisa Mitihani. Zanzibar ina Baraza lake la Mitihani. Taasisi ya Elimu Tanzania inahitaji wakuza mitaala wanaojua umahiri unapimwaje, hasa tangu mtaala mpya uanze kutumika Januari 2024. Lipo Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, wapo wathibiti ubora wa shule, yupo Afisa Elimu Taaluma katika halmashauri. Bodi za kitaaluma, kama ile ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, hutahini watu kila mwaka. Asasi zilizopima kusoma na kuhesabu majumbani, kama Uwezo iliyoanza hapa nchini 2010, ziliajiri watu wa fani hii hii. Na Kenya ilifanya mtihani wake wa mwisho wa KCPE 2023 ikahamia kwenye upimaji wa umahiri, kwa hiyo soko la ujuzi huo halikomi Namanga.

MHADHIRI: Hapo pana tahadhari, na afadhali itolewe na anayetetea hoja. Matangazo mengi ya kazi ya asasi husema ufuatiliaji na tathmini. Hiyo ni tathmini ya miradi: viashiria, bajeti, ripoti kwa wafadhili. Upimaji wa elimu ni fani nyingine, ingawa majina yanagongana. Anayeingia chuo akitafuta ya kwanza akajikuta kwenye ya pili hupoteza miaka 2. Kabla ya kujaza fomu, mwombaji asome orodha ya masomo ya programu. Akikuta nadharia ya alama, uchambuzi wa maswali na usawazishaji wa mitihani, hiyo ni upimaji. Akikuta mantiki ya mradi na usimamizi wa miradi, hiyo ni nyingine, nzuri kwa kazi yake.

MWALIMU WA TAALUMA: Na iongezwe ya uhadhiri, kwa kuwa vijana wengi husoma uzamili wakiilenga. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu unataka GPA ya 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili. Mwenye 3.4 ya shahada ya kwanza, hata uzamili wake uwe wa dhahabu, mlango huo haumfungukii. Jambo hili huelezwa mara chache siku ya kulipa ada.

MZAZI: Ada yenyewe sasa. Shahada ya kwanza ya ualimu, katika vyuo vingi, ni kama milioni moja au zaidi kwa mwaka. Wengi huimaliza kwa fedha za Bodi ya Mikopo, ambayo tangu 2022 hutoa shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi. Mkopo huo unafuata mtu. Tangu sheria irekebishwe 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi: anayelipwa 800,000 anaacha 120,000 kila mwezi kabla hajalipa pango wala kununua unga. Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo mwaka 2021, jambo la kushukuru, lakini deni lenyewe liko palepale. Kwa uzamili, mikopo ya Bodi haimfikii mwalimu wa kawaida. Ada inakuwa ya mfukoni, inahesabiwa kwa mamilioni, na juu yake kuna kibali cha utafiti, nauli za kukusanya data, uchapaji, na miezi ya kumsubiri msimamizi asome sura ya tatu. Familia ya Tabora hutoa wapi? Huuza shamba, huuza ng'ombe, huuza kiwanja. Hapahapa mjini kuna Chuo cha Nyuki na chuo cha reli. Ujuzi wa huko unaanza kulipa mapema.

MHADHIRI: Gharama hiyo inapungua kwa anayepanga. Chuo Kikuu Huria kina kituo Tabora, na anayesoma huko hahami nyumba, hapangi chumba Dar es Salaam, wala hasafiri kilomita 840 za reli kila muhula. Programu ya kompyuta iitwayo R, inayofanya uchambuzi wote wa mitihani kuanzia fahirisi ya ugumu hadi nadharia za kisasa za alama, ni ya bure. Data nayo ipo shuleni: makabati ya taaluma yamejaa karatasi za mitihani ambazo hazijawahi kuchambuliwa.

MWALIMU WA TAALUMA: Inapungua zaidi kwa mwenye ajira na ruhusa. Mtumishi aliyewekwa kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, akaondoka kwa barua, hubaki na kazi yake. Aliyeondoka bila barua huitwa mtoro, mshahara husimama, na wapo waliorudi na vyeti wakakuta jina limefutwa. Hata kwa aliyefuata taratibu, uzamili peke yake haumpandishi daraja. Muundo wa utumishi wa walimu unatambua cheti, stashahada na shahada. Kupanda kunategemea muda kazini, utendaji na bajeti. Mwalimu mwenye uzamili wa upimaji hurudi kwenye ofisi ileile ya taaluma, kwenye ngazi ileile, isipokuwa sasa anaona makosa ya mtihani wa ujirani mwema na hana mamlaka ya kuyazuia.

MHITIMU: Hoja hiyo inamfanya mwalimu abaki alipo milele. Mwaka 2012 nchi iligundua kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakuwa wakijua kusoma wala kuandika. Walifaulu mtihani wa darasa la saba! Mtihani wa kuchagua herufi ulimruhusu asiyesoma apite, na udanganyifu ukaongezea. Aliyekaa na watoto hao darasani alijua. Hakuwa na ushahidi wa kitaalamu wa kusema kwamba mtihani hauoni anachokiona yeye.

MZAZI: Alikuwa na ushahidi wa macho, na haukusikilizwa. Angekuwa na uzamili angesikilizwa? Mtoto wa Tanzania anapimwa kitaifa darasa la pili, la nne na la saba, kisha kidato cha pili, cha nne na cha sita. Mara 6 kabla ya chuo. Nchi haina njaa ya vipimo. Wazazi wanaona kengele za saa 11 alfajiri, kambi za kidato cha nne, watoto wanaokariri majibu ya pepa za zamani. Kuongeza wapimaji ni kuongeza mkazo huohuo.

MHADHIRI: Mpimaji aliyesoma vizuri ndiye wa kwanza kusema mitihani ipunguzwe. Kilichoadimika ni matumizi ya matokeo. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, bila malipo, mtandaoni. Kila mada hupewa rangi: kijani kwa iliyofanywa vizuri, njano kwa wastani, nyekundu kwa ile ambayo waliofaulu hawakufika asilimia 30. Ndani yake mna majibu halisi ya wanafunzi, sahihi na yaliyokosewa, na maelezo ya kwa nini yalikosewa. Mwalimu wa Hisabati akifungua ukurasa mmoja kabla ya kupanga somo, anajua watoto wanajikwaa wapi. Na tangu Januari 2023 Baraza limeacha kutangaza shule 10 bora, kwa hiyo matokeo hayatangazwi tena kama ligi. Hatua hiyo inadai watu wa kuyasoma matokeo.

MWALIMU WA TAALUMA: Taarifa hizo zinasomwa na wachache. Za sekondari zimeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, ni ndefu, na shule nyingi hazina bando wala karatasi za kuzichapa. Hapo ndipo hoja ya Daktari na ya Mama zinaweza kukutana. Si kila mwalimu asome uzamili. Halmashauri imteue mmoja, aliye kazini, aliyethibitishwa, anayependa hesabu. Imlipie. Arudi na kazi yenye jina: kuhakiki mitihani ya ujirani mwema na ya utimilifu kabla haijachapwa, kuchambua maswali baada ya kusahihishwa, kuzifupisha taarifa za Baraza kwa Kiswahili chepesi na kuzipeleka shuleni. Mtu mmoja kwa kazi hiyo atagusa watoto wengi kuliko walimu 20 waliosoma kwa fedha zao na kukaa na vyeti sandukuni.

MHITIMU: Na asiye na ajira? Mpango huo unamwacha nje. Hawezi kuteuliwa na halmashauri ambayo haimjui. Njia pekee aliyo nayo ni kujilipia, kisha kusubiri tangazo la Afisa Mitihani.

MHADHIRI: Kwa huyo jibu la haki ni gumu. Asijilipie uzamili kabla hajawa na miaka michache ya kufundisha, hata kwa kujitolea. Matangazo ya kazi hizo huanzia kwenye shahada ya elimu na somo la kufundishia. Uzamili humsaidia aliyekwisha kuingia kuliko anayegonga mlango. Aanze na kozi fupi, na uchambuzi wa mitihani ya shule anayojitolea. Faili la kazi ya namna hiyo linaonekana kwenye usaili.

MZAZI: Sasa mazungumzo yamefika kwenye ukweli. Faida ya taaluma hii inakwenda kwa watoto wote na kwa nchi nzima, na bili inaletwa nyumba moja ya Chemchem. Elimu hiyo ni njema, haina ubishi tena. Lakini shamba la familia haliuzwi kwa ajili ya cheo ambacho hakimo kwenye ikama. Halmashauri iiweke nafasi hiyo kwenye bajeti, iandike barua ya ruhusa, ilipe ada ya mwalimu mmoja, na Chemchem italeta jina kabla mwezi haujaisha.